Waliomzika Ndeshi Mara ya Pili

Mtu akistaafu kazi za ofisini hununuliwa saa ya ukutani, watu wakapiga makofi, bosi akasema maneno ambayo hakuyasema miaka yote. Mimi nimestaafu uandishi wa michezo na hakuna aliyejua. Hata mke wangu alidhani nina malaria. Kwa hiyo najiaga mwenyewe, na ninyi vijana wa kikundi cha Ngarenaro ndio mashahidi.

Mmeniomba mara nyingi nieleze "safari yangu ya sanaa". Safari silipendi hilo neno. Safarini mtu hufika. Nitaeleza kazi, jinsi nilivyoikuta, walionifundisha, na walioiharibu. Vyeo naviruka kwa sababu sikupata, na malipo nayaruka kwa sababu tukiyaanza tutagombana. Majina nitayataja. Wenye majina wakikasirika, wanajua ninapokaa.

Mimi ni Mmeru wa mlimani, juu ya Usa River, nyumba ya Walutheri na migomba. Elimu yangu ni darasa la saba, na hilo darasa lenyewe tulichuma zaidi kahawa ya mwalimu mkuu kuliko tulivyosoma. Nilishuka mjini nikiwa kijana mwenye ndevu tatu, nikapata kazi kiwanda cha mablanketi, idara ya kusokota nyuzi. Siku ya kwanza niliposukuma mlango wa idara ile nilidhani kunaungua. Manyoya ya pamba yalielea hewani kama ukungu wa kwetu mwezi wa saba. Tofauti ni kwamba ukungu wa kwetu unaondoka jua likipanda. Ule wa kiwandani ulikuwa unahamia kifuani.

Msimamizi wetu alikuwa Mzee Kisanga, Mchaga wa Kibosho, Mkatoliki wa kufunga rozari kwenye mkono wa kazi. Mashine zilipiga kelele kiasi kwamba tuliongea kwa midomo bila sauti, lakini yeye alisikika. Huyo ndiye pia aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha sanaa cha kiwanda. Siku zile kila kiwanda kilikuwa na kikundi chake, cha kupokea wageni na kusifu. Kazi ya kusifu ilifanywa na ngoma. Baada ya ngoma, wageni wakishaanza kula, Mzee Kisanga aliingiza mchezo, na mchezo haukusifu mtu.

Aliniita wiki ya pili. "Wewe kijana, nasikia unawaandikia wenzako barua kwa wake zao."

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Na wake wanajibu?"

"Wengine wanarudi kabisa, mzee."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi njoo uandike mchezo. Utawala unataka kuuona kwenye karatasi kabla hatujacheza."

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Nilikaa nikaandika siku nne, maneno makubwa makubwa niliyoyasikia redioni. Mchezo ulikuwa wa mjane anayefukuzwa kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, na shemeji yake. Nikaupeleka mazoezini. Aliyepewa nafasi ya mjane alikuwa Ndeshi, msokotaji wa mashine ya pili kutoka yangu, Mmeru mwenzangu, mrefu, sauti ya pili kwaya ya usharika. Alisoma karatasi yangu taratibu, halafu akaniangalia.

"Kaka, hivi mjane anayetupiwa vyombo nje ana nafasi ya kusema 'hakika moyo wangu umefurika simanzi isiyo kifani'?"

Watu wakaanza kucheka. Nikasema, "Sasa aseme nini?"

Akafikiri. Akageuka kwa Mzee Kisanga aliyecheza shemeji, akamtazama miguuni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shemeji, ng'ombe hajala."

Hakuna aliyecheka tena. Mimi nilichana karatasi yangu, na hilo ndilo somo langu la kwanza. Wapeni somo hilo wenzenu bure. Mtu mwenye uchungu haongelei uchungu, anaongelea ng'ombe.

Kuanzia hapo tulifanya kazi kwa utaratibu wa Mzee Kisanga, nao ulikuwa hivi. Hatuandiki halafu tukasema. Tunasema halafu tunaandika. Waigizaji wanasimama, wanapewa jambo, wanagombana kwa maneno yao, na mimi nakaa juu ya mzigo wa nyuzi na penseli, nikiandika kwenye makaratasi magumu ya maboksi ya sindano. Usiku ule ule nasafisha. Sentensi ambayo mwigizaji hawezi kuimaliza kwa pumzi moja, kwa kifua chenye pamba, naikata. Mnaponiuliza kwa nini sentensi zangu ni fupi, jibu ni hilo. Si ufundi, ni vumbi.

Na kulikuwa na sheria ya kukabidhi. Maneno aliyoyazaa mtu jukwaani ni ya kwake. Akihama, akiumwa, akiolewa mbali, nafasi yake haichukuliwi tu. Anakaa kwenye kiti, yule mpya anakaa chini mbele yake, na anamtamkia maneno yote toka mwanzo hadi mwisho, yule anarudia. Wakimaliza wanashikana mikono. Asiyekabidhiwa hachezi. Msichana mmoja wa idara ya kufuma aliwahi kusimama kwenye nafasi ya mwenzake bila kukabidhiwa, wiki mbili hakuna aliyempa hata chumvi kantini.

Mchezo ule tuliuita "Kihamba cha Mama Eli". Tuliucheza kwenye bwalo la kiwanda, viwanja vya shule, masoko. Kikatiti siku ya soko ndiyo siwezi kuisahau. Mzee Kisanga katupa chungu cha Mama Eli nje, mara mzee mmoja wa Kimeru akanyanyuka katikati ya watu na fimbo yake.

"Wewe Mchaga! Toka kihamba cha watu!"

Mzee Kisanga hakutoka kwenye ushemeji hata kidogo. Akamgeukia, "Mzee wangu, keti. Kesi yako inasikilizwa baada ya hii."

Soko zima likaangua kicheko, lakini yule mzee hakuketi mpaka baraza la ukoo lilipomrudishia Mama Eli shamba. Halafu akaja akamshika Ndeshi mkono, akamwambia kama amewahi kuonewa kweli, yeye anakaa pale nyuma ya mashine ya kusaga, amfuate tu.

Sasa nianze waharibifu.

Wa kwanza ni Bwana Lyatuu, ofisa utumishi. Ruksa ilikuwa imeingia, mipaka imefunguliwa, mitumba imejaa, na mablanketi ya nje yalikuwa laini kama paka huku ya kwetu yakiwasha. Sibishi, yaliwasha. Kiwanda kikaanza kukonda. Wageni wa kusifiwa hawakuja tena, basi chumba chetu cha mazoezi Bwana Lyatuu akakifanya ghala la matairi ya mtu. Mavazi yetu yakatupwa nje, mvua ikayanyeshea. Hayo tungesamehe. Lakini yaliletwa maboksi ya maski, za kuziba pua, kwa ajili ya idara ya kusokota. Tuliyaona yakishushwa. Tukasubiri. Siku moja napita Ngarenaro kwenye magereji, namkuta fundi rangi anapulizia gari mlango, usoni amevaa maski yetu, yenye alama ya kiwanda. Wa pili naye kavaa. Nikauliza mmenunua wapi. Wakacheka. "Kwa Lyatuu, mzee. Si mnauza?" Nilipomuuliza mwenyewe alisema niandike malalamiko nipitishe kwa msimamizi. Msimamizi alikuwa Mzee Kisanga, wakati huo anakohoa damu kwenye leso, rozari bado mkononi.

Mzee Kisanga alikufa kiwanda bado kinapumua. Kabla ya hapo alituita kwake, akaketi kwenye kiti, akasema anakabidhi maneno ya shemeji. Tulidhani ananikabidhi mimi. Akamwita Godlisten, mpiga ngoma wetu, kijana mwepesi, mcheshi, ambaye sote tulimwita Goddy. Akamtamkia yote. Goddy akarudia bila kukosea hata moja, machozi yanamtoka. Wakashikana mikono. Niliona wivu, nasema kweli, lakini nilisema moyoni mzee hakukosea. Godlisten Mremi ndiye mharibifu wa pili, nitamfikia.

Kiwanda kikauzwa. Mwekezaji hatukumuona, tulioneshwa kufuli. Mimi, Ndeshi na wengine tukatoka na vifua vyetu. Kwa muda mfupi tulizika wasokotaji mfululizo, na kila tulipozika, mtaani walinong'ona kwamba hao wa kikundi cha sanaa wamekanyaga waya, yaani ukimwi, si unajua wasanii. Hakuna aliyesema pamba. Ukifa kwa pamba ukazikwa kwa umalaya, huo nao ni msiba wa kipekee, nao hauna mchango.

Miaka iliyofuata niliandika michezo ya mashirika. Shirika linataka mchezo wa choo, unaandika choo. Jingine linataka mchezo wa kuchemsha maji, unachemsha. Nimeandika choo mpaka nikikiona nasikia mistari. Ndeshi alicheza mingi ya hiyo. Aliuza mboga Usa River asubuhi, mchana anakuja, anakuwa mwanamke asiye na choo, jioni anapanda mlimani kwa mama yake. Hakuolewa. Alikuwa akisema kiwanda kilimwoa kikamwacha na talaka ya kikohozi.

Ndipo Goddy akaibuka na kamera. Alikuwa amefungua studio mjini, anapiga video za harusi, kipaimara na misiba. Watu wa kwetu siku hizo hakuna aliyezika wala kuoa bila kamera. Ndugu walioko mbali walitumiwa kanda, wakalia wakiwa huko waliko. Goddy akaniambia, "Kaka, michezo ya jukwaani imekufa. Sasa ni filamu. Tutoe Kihamba kwenye video, tuuze nchi nzima."

Nilifurahi. Kwa mara ya kwanza mchezo wetu usingefutika watu wakienda nyumbani.

Kuandikia kamera moja ni kazi nyingine, na ninyi mlio na simu zenye macho matatu sikilizeni. Jukwaani mtu mmoja akisema, mwingine anajibu kwa bega, na mtazamaji anaona vyote. Kamera moja inaona mmoja. Basi niliandika wasikatane maneno. Mmoja amalize, kamera ihame, mwingine ajibu. Niliandika sini za nje, vile vipande vya uani, zimalizwe kabla ya mchana kugeuka, kwa sababu mlima ukivuta wingu huoni mgomba wa pili. Nilikwepa kuandika kunong'ona, maana maiki ilisikia jogoo vizuri kuliko mtu. Na betri ilikuwa na tabia ya kufa mtu akianza kulia, kwa hiyo vilio tulivitanguliza.

Tatizo lilikuwa kifua cha Ndeshi. Alikuwa amekonda, mabega yametoka. Goddy akaleta binti mmoja wa mjini, mzuri, nywele ndefu za kununua.

"Dada Ndeshi," akasema kwa heshima zote, "tunakuomba ukae na huyu mdogo wako umkabidhi."

Ndeshi alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua macho. "Sijachoka."

"Dada, soko linataka sura."

"Mwambie soko Mama Eli ni mjane wa kihambani, si bibi harusi." Halafu akamwangalia yule binti, wala si kwa ubaya. "Mwanangu, wewe ukitupiwa chungu nje, hizo nywele utaziokota kwanza au chungu?"

Binti mwenyewe alicheka, akapanda gari akarudi mjini.

Tulipigia picha nyumbani kwao Ndeshi, kwenye kihamba cha mama yake, mjane wa kweli, mwanamke mkimya ambaye alitupikia siku zote zile na hakuuliza tunafanya nini. Mimi nilijaribu kumsaidia Ndeshi nikaandika Mama Eli ni mgonjwa wa kifua. Akaniwekea kidole kwenye karatasi. "Usiniandikie kikohozi, kaka. Kitakuja chenyewe." Na kilikuja. Lakini amini usiamini, Goddy akisema "twende", kilingoja. Namwona mpaka sasa, amesimama mlangoni, Goddy mwenyewe ndiye shemeji, kamera kamwachia kijana wake wa studio, na anamwambia ng'ombe hajala. Goddy akasahau kuendelea.

Ikabaki sini ya mwisho. Ndeshi hakuwahi kuupenda mwisho wa zamani, baraza linaamua na watu wanapiga vigelegele. Alisema, "Vigelegele vikiisha je? Si bado wanakaa mpaka mmoja?" Tukakaa jikoni, mama yake yuko kanisani, tukatengeneza mwisho mpya, kama enzi za Mzee Kisanga, yeye anasema, mimi naandika. Akasema akipata nguvu tutaupiga Jumanne. Jumanne alikuwa hospitali. Ijumaa akafa.

Msibani Goddy alikuja na kamera. Sikushtuka, hakuna aliyeshtuka. Kila msiba una kamera. Mama yake Ndeshi alimshika mikono miwili, akamshukuru kwa Kimeru kwamba amekuja bila kuitwa na hataki kitu, kwamba ndugu walio mbali wataona mtoto alivyosindikizwa. Goddy akainama, "Usijali mama. Ndeshi ni dada yangu." Alizunguka kaburi lote. Alimpiga picha mama kwa karibu sana, wakati anatupa udongo, akaanguka, wanawake wakamdaka. Mchungaji akamwambia kwa upole asogee kidogo. Akasogea, halafu akarudi.

Miezi ikapita. Nilijua filamu haikuisha, nikadhani imekufa pamoja na Ndeshi. Siku moja mchana nipo Ngarenaro, napita banda la video, naona tangazo kwa mkono: KIHAMBA CHA MAMA ELI, ya kwanza na ya pili. Siku hizo wauzaji walitaka kila filamu ikatwe vipande viwili, wauze kanda mbili kwa hadithi moja. Nikaingia, nikakaa kwenye benchi na vijana wa magereji.

Ya kwanza ilikuwa ya kwetu. Ndeshi yule pale, anapumua, anaongea. Vijana walinyamaza kabisa kwenye ng'ombe hajala. Nilijisemea moyoni, mzee Kisanga, umeona?

Wakabadilisha kanda. Ya pili ikaanza na jeneza.

Sikuelewa. Nilidhani wamekosea wameweka kanda ya msiba wa watu. Halafu nikaona migomba ile, mchungaji yule, nikajiona mimi mwenyewe na shati langu la kaki nimeshika koleo. Sauti ya Goddy ikasema juu yake, "Mama Eli alikufa kwa uchungu wa kihamba chake." Na mama yake Ndeshi akaja karibu, uso umejaa kioo chote, akatupa udongo, akaanguka. Muziki wa kinanda ukaingia. Kisha Goddy, kwenye ushemeji wake, akatokea anatubu peke yake kaburini, kwa dakika nyingi, kaburi lenyewe bado lina mashada yetu.

Kijana wa mbele yangu akampiga mwenzake bega. "Oya, yule bibi, yule koko, ni noma! Anajua kulia yule, sijawahi kuona."

"Wamemtoa wapi?"

"Sijui. Lakini anastahili tuzo, yule koko."

Nilitoka kabla kanda haijaisha, nikaenda kumtafuta Goddy.

Goddy nilimkuta studio, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Nilimwambia aliyofanya. Hakukataa, hakukasirika. Hilo ndilo linaloniuma, alikuwa na majibu.

"Kaka, ulitaka tuache nusu? Dada asahaulike? Mimi nimemfanya aishi."

"Kwa kumwonyesha anafukiwa?"

"Watu wanataka kulia, kaka. Na si wewe uliyenifundisha? Usiseme uchungu, onyesha. Nimeonyesha."

"Ule mwisho aliouacha ulikuwepo. Nilikupa."

"Wa kula ndizi?" Akatabasamu kama anamhurumia mtoto. "Kaka, mwisho wa watu kula ndizi nani atanunua?"

Nikamwambia azitoe sokoni. Akanipungia mkono dirishani, kule nje wachuuzi wanapita. "Nizitoe wapi? Zimeshadurufiwa mpaka Babati. Hata mimi naibiwa." Nikaenda ofisi za wanaohusika na mambo ya filamu. Wakaniuliza mlalamikaji ni nani, marehemu? Nikasema mama yake. Wakasema basi aje mwenyewe, na aje na kanda.

Godlisten Mremi mpaka leo anaitwa kwenye makongamano kama mwanzilishi wa filamu za kaskazini. Ana tumbo na ana gari jeupe. Nimemwandika hapa kwa jina lake lote.

Kilichonitesa si Goddy tena. Ni yule mama. Alikuwa mlimani, hana tivii, hana umeme, lakini huuza ndizi Usa River, na kule chini kuna mabanda ya video mawili. Lilikuwa ni suala la lini mtoto wa mtu atamnyooshea kidole sokoni, "Koko wa filamu, lia tena!" Nilitaka asikie kwangu kwanza. Mtu akishazika mwanawe, mazishi ndiyo kitu chake cha mwisho. Na sasa yalikuwa yanauzwa, na anayeuza alishukuriwa kwa mikono miwili.

Nilipanda asubuhi. Nilimkuta anakata majani ya migomba ya ng'ombe. Nikamwamkia, akaitika, akanipa kigoda. Nikaanza kuzunguka zunguka, habari za mvua, habari za usharika. Akaendelea kukata.

"Mwanangu," akasema, "umekuja kuniambia ya video?"

Habari za usharika zikaishia hapo.

"Wajukuu wa jirani walinionyesha. Walikuja na kijenereta chao, wamefurahi, wakasema koko uko kwenye tivii. Nilikaa nikaangalia." Akaweka panga chini. "Nilimwona Ndeshi kwanza, anaongea. Nikasema, huyo ni wangu. Halafu wakanionyesha mimi."

"Mama, sikujua. Naapa."

"Najua hukujua. Uso wako kwenye ile video ulikuwa wa mtu asiyejua." Ng'ombe alikuwa anavuta jani kwenye zizi. "Nataka kukuuliza kitu kimoja. Wewe ndiye mwandishi. Wewe uliandika afe?"

"Hapana, mama."

"Nani aliandika?"

"Hakuna aliyeandika. Goddy alichukua tu. Ndeshi na mimi tuliandika anabaki hapa, kihambani. Siku ile uko kanisani, tuliandika jikoni kwako."

Alinitazama kama mtu anayetafuta kitu kwenye uso wangu. "Basi niambie ulivyoandika."

Nilitaka kumsimulia. Akakataa kwa kichwa. "Usinihadithie. Fanya kama mlivyokuwa mnafanya."

Nikasimama pale uani, mtu mzima, kwenye mbolea na majani, nikacheza watu wawili. Nikawa Mama Eli, baraza limekwisha, watu wameondoka, vigelegele vimeisha, anawasha moto. Nikawa shemeji, anakuja jioni, amesimama nje ya mlango, aibu inamzuia kubisha na njaa inamzuia kuondoka, maana mke wake amekwenda kwao. Mama Eli anamwona. Hasemi kitu. Anaendelea kumenya. Anapika ndizi, za mgomba ule ule waliougombania. Anapakua sahani mbili. Moja anaiweka kizingitini, si ndani wala si nje, anarudi kukaa na ya kwake. Maneno yote ya sini ile ni moja tu, na ni la Mama Eli. Anasema, "Zitapoa."

Nikakaa kwenye kigoda. Nilikuwa nahema, kifua changu nacho si kizima.

Mama yake Ndeshi alikuwa ameshika ncha ya khanga mdomoni. Aliangalia mlango wa jiko lake, kizingiti, kama vile sahani bado iko pale.

"Ndiyo yeye," akasema. "Angempa. Mjinga yule, angempa tu." Akajifuta. "Na yule shemeji, alikula?"

"Alikula, mama."

"Zote?"

"Zote."

"Akashukuru?"

Nikafikiri. Nikakumbuka Ndeshi pale jikoni, tulivyobishana juu ya hilo hilo, mpaka akanifuta mstari kwa kidole chenye utomvu wa ndizi. "Hapana mama. Hatukuandika ameshukuru."

Akaokota panga lake, akasimama polepole, mkono kiunoni.

"Vizuri," akasema. "Hawashukurugi. Ungeandika ameshukuru, ningejua na wewe unadanganya."